Kazi za juu kwenye ujenzi Unguja na Pemba: maswali ya mafunzo ya usalama yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya mafundi, saidia fundi, wasimamizi na wenye nyumba wa Unguja na Pemba. Wengi huanza kwa kuulizia cheti. Cheti kina nafasi yake, lakini anayekwenda juu kesho asubuhi aanze na swali la ghorofa moja na swali la kuokoa mtu, halafu ndiyo arudi kwenye karatasi.

Kazi ya juu inaanza mita ngapi?

Inaanza pale ambapo ukianguka utaumia. Marekani, kwenye ujenzi, kinga ya kuanguka inadaiwa kuanzia futi 6, karibu mita 1.8, na kwenye majukwaa kuanzia futi 10. Uingereza nao zamani walikuwa na kikomo cha mita 2, wakakiacha katika kanuni zao za 2005, kwa sababu watu waliona chini ya mita 2 hapana hatari, wakavunjika hapo hapo. Mimi nafuata hao wa pili. Mtu akianguka kutoka mita 3 anafika chini kabla sekunde moja haijatimia, na anatua kwa kasi ya karibu kilomita 28 kwa saa. Hapati hata muda wa kutanguliza mikono.

Usisahau mashimo. Aliyesimama ukingoni mwa shimo la karo lenye kina cha mita 3 yuko juu, ingawa miguu yake iko ardhini. Na tundu la ngazi kwenye sakafu ya zege, lile linalofunikwa kwa kipande cha bati "kwa leo tu", ni kazi ya juu kwa kila anayepita.

Zanzibar inafuata sheria gani?

Kazi na ajira si jambo la Muungano, kwa hiyo tuna sheria zetu. Iliyo kuu ni Sheria ya Usalama na Afya Kazini Namba 8 ya 2005, ikisomwa pamoja na Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka huo huo. Wasimamizi wake ni Idara ya Usalama na Afya Kazini, chini ya wizara inayoshughulikia kazi. Mzigo mkubwa uko kwa mwajiri: atoe taarifa, maelekezo, mafunzo na usimamizi unaotosha ili mtu wake asiumie. Mfanyakazi naye ana wajibu wa kujilinda, kutomhatarisha mwenzake na kutoharibu vifaa alivyopewa.

Kimataifa, kipimo cha ujenzi ni Mkataba Namba 167 wa Shirika la Kazi Duniani wa 1988. Ibara ya 18 ni ya kazi za juu na mapaa, ya 30 ni ya vifaa vya kujikinga, ya 33 ni ya mafunzo. Utaukuta umenukuliwa kwenye mikataba ya mahoteli makubwa. Miradi inayofadhiliwa na Benki ya Dunia nayo hudai mpango wa usalama ulioandikwa kabla jiwe la kwanza halijawekwa.

Nina cheti cha kazi za juu cha OSHA, wakala wa usalama na afya kazini wa Bara. Huku kinafaa?

Ulichojifunza kinafaa, ndoano haijui kuwa imevuka bahari. Lakini OSHA ya Bara inafanya kazi chini ya sheria ya Bara ya 2003, na mkaguzi atakayekuja kwenye jengo la Fumba au Chake Chake ni wa huku, anasimamia sheria ya huku. Onesha cheti chako, na mwajiri akutembeze kwenye jengo lake kabla hujapanda: kamba inafungwa wapi, jukwaa lilikaguliwa lini, akikwama mtu nani anamteremsha. Cheti hakiwezi kuyajibu hayo kwa sababu hakijawahi kufika hapo.

Na kuna vyeti vya kununua. Ukimwambia mtu avae mkanda wa usalama mbele yako utamjua kwa dakika mbili: anaanza na utepe wa kifua, tepe za miguu zinabaki zinaning'inia.

Nani hasa anatakiwa kufundishwa?

Kila anayepanda, na baadhi ya wasiopanda. Mwashi, mfunga nondo, seremala wa kenchi, mpaka rangi, fundi umeme, fundi wa madirisha ya alumini anayekuja siku mbili za mwisho. Msimamizi, maana ndiye anayesema "pandeni". Wanaojenga majukwaa wana mafunzo yao marefu zaidi. Walioko chini lazima wajue kuwa hawapiti chini ya kazi, na angalau wawili wawe wanajua kumteremsha mtu aliyening'inia.

Anayesahauliwa ni saidia fundi. Fundi anakaa pahala pamoja. Saidia ndiye anayepanda na kushuka mchana kutwa na karai la zege begani, mkono mmoja tu ukiwa huru. Mara nyingi kaokotwa asubuhi hiyo hiyo, jina lake la pili hakuna anayelijua. Kama una muda wa kumfundisha mtu mmoja tu, mfundishe huyo.

Mafunzo yana nini ndani yake, na ni ya siku ngapi?

Kwa anayetumia jukwaa lililokwishajengwa na mkanda, siku moja nzima inatosha kwa msingi, nusu yake ikiwa vitendo. Anayejenga majukwaa anahitaji siku kadhaa na kufanya kazi chini ya mzoefu. Wale wanaoning'inia kwa kamba kupaka rangi au kusafisha vioo vya ghorofa wako darasa jingine: kwa mfumo wa IRATA, chama cha kimataifa cha kazi za kamba, ngazi ya kwanza ni siku zisizopungua 4 za mafunzo na siku ya mtihani, na cheti kinadumu miaka 3.

Somo la kwanza si mkanda. La kwanza ni kujiuliza kama lazima upande. Kenchi inaweza kufungwa chini ikanyanyuliwa nzima; mbao zinaweza kupigwa rangi kabla hazijapanda. Ikiwa lazima, la pili ni kizuizi: ukingo uliozungushiwa reli madhubuti, kimo cha karibu mita moja, reli nyingine katikati, na ubao wa miguuni ili nyundo isimwangukie mpita njia. Kizuizi kinamlinda hata aliyesahau na aliyechoka, na hakimdai kitu. Mkanda unakuja wa tatu, pale ambapo kizuizi hakiwezekani. Ukikuta mafunzo yanayoanza na mkanda na kumalizia kwa mkanda, huyo aliyekuja ni muuza mikanda.

Vitendo ndivyo vinavyobaki kichwani. Kila mmoja auvae mkanda peke yake mpaka usiwe na msokoto: pete ya mgongoni ikae baina ya mabega, mkanda wa kifua uwe katikati ya kifua, na ya mapaja ikazwe mpaka kiganja kilichonyooshwa kipite lakini ngumi isipite. Halafu aning'inizwe kidogo, miguu ikiwa shibiri moja kutoka chini na kibao cha kukanyagia kiko karibu. Hapo maneno yanakwisha. Aliyekuwa anacheka anatulia, kwa sababu ameona mapaja yanavyobanwa na jinsi mtu asivyoweza kujinasua mwenyewe. Baada ya hapo hakuna haja ya kumhimiza mtu kukaza mkanda.

Na mafunzo yawe kwa Kiswahili. Kuna majengo ambayo mkuu wa usalama ni mgeni, anasoma karatasi zake, watu wanaitikia kwa kichwa na kutia saini. Saini ile haimsaidii mtu. Mwambie fundi arudie kwa maneno yake, mbele ya wenzake.

Nani analipia mafunzo na vifaa?

Mwajiri. Siku ya mafunzo ni siku ya kazi na inalipwa. Mkanda, kofia ngumu na viatu havikatwi kwenye posho ya wiki. Ukimkata kibarua pesa ya mkanda, kesho atakwambia hataki.

Mkanda wa kiunoni tu hautoshi?

Hautoshi kukudaka. Marekani ulipigwa marufuku kwa kazi hiyo kuanzia Januari 1, 1998. Ukianguka nao, nguvu yote inakwenda kiunoni na tumboni, ukakunjika kama nguo kambani. Wengine hupinduka wakachomoka. Unaweza kutumika kukuzuia usifike ukingoni, basi. Kwa kudakwa, unataka mkanda wa mwili mzima wenye kamba iliyo na kipunguza mshtuko, kile kifuko kilichoshonwa ambacho hupasuka kidogo kidogo ili mwili usipigwe kwa zaidi ya kilonyutoni 6, karibu uzito wa kilo 600.

Nyumba yangu ni ya ghorofa moja tu. Nikivaa mkanda si nimesalimika?

Hapa ndipo wengi wanapojidanganya, kwa hiyo tufanye hesabu pamoja. Umesimama kwenye sakafu ya ghorofa ya kwanza, mita 3 kutoka chini. Una kamba ya mita 2, na umeifunga kwenye nondo iliyochomoza karibu na miguu yako, kwa sababu juu hapana kitu. Unateleza.

Kamba inanyooka mita 2 chini ya pale ulipoifunga. Kipunguza mshtuko kinapasuka na kurefuka, kinaweza kufika mita 1.75. Kutoka pete ya mgongoni hadi nyayoni ni mita 1.5. Ongeza mita 1 ya akiba, maana mkanda wenyewe unapanda mwilini. Jumla ni mita 6.25. Wewe chini yako pana 3. Utafika ardhini na mkanda wako umeuvaa vizuri kabisa, na ndoano imeshika.

Hata ukifunga juu ya kichwa, mita 2 kutoka nyayo, hesabu hiyo inakutaka mita 4.25 chini ya miguu. Bado hazipo. Ndiyo maana kwenye nyumba zetu nyingi za ghorofa moja au mbili dawa ni kizuizi cha ukingoni, au kamba fupi iliyopimwa ili usiweze kabisa kuufikia ukingo. Mkanda wa kudaka unaanza kuwa na maana kwenye majengo marefu, na hata huko angalia pembeni: ukifunga mbali na ulipo, ukianguka utabembea na kugonga nguzo.

Mwalimu asiyekupigia hesabu hii kwa vipimo vya jengo lako, mwombe akupigie.

Mkanda wa mtumba naweza kuununua?

Usinunue. Hujui ulikaa wapi, wala kama umeshawahi kumdaka mtu. Mkanda uliomdaka mtu mara moja unakatwa vipande na kutupwa, kwa macho hata ukionekana mpya.

Wa kwako mwenyewe ukague kila asubuhi. Uukunje baina ya vidole, umbile la herufi U, uupitishe wote hatua kwa hatua. Nyuzi zilizokatika hujitokeza kwenye mkunjo. Angalia mshono, hasa mgongoni na kwenye mapaja. Rangi iliyopauka na utepe uliokakamaa ni jua. Ndoano ifungue na kuiachia: ikirudi polepole, ina chumvi au mchanga. Sisi tunaofanya kazi Nungwi, Paje au Micheweni, hewa ya bahari inakula chuma wakati umelala. Osha kwa maji baridi, anika kivulini, usiuache juu ya bati wala ndani ya gunia lenye saruji.

Kamba nifunge wapi?

Pahala panapobeba. Kipimo cha Ulaya kinataka kishikizo kihimili kilonyutoni 12, karibu uzito wa tani moja na robo. Wamarekani wanadai pauni 5,000 kwa kila mtu, zaidi ya tani mbili. Bomba la maji halimo. Fremu ya dirisha haimo, wala reli ya jukwaa lenyewe, mpaka aliyelibuni jukwaa hilo aseme limo.

Mji Mkongwe unataka sura yake peke yake. Kuta zile ni mawe ya matumbawe kwa chokaa, si zege. Ukitoboa na kupiga boliti ya kupanuka inaingia vizuri na kutoka vizuri vile vile. Boriti za mikoko ndani ya dari zinaweza kuwa nzima kwa nje na zimeliwa pale zinapoingia ukutani, pahala ambapo maji ya paa yamekuwa yakishuka miaka. Baraza za ghorofani zimeoza miguu. Kabla ya mafunzo ya kupanda unataka mhandisi aseme jengo litabeba nini, na mara nyingi jibu ni jukwaa linalosimama lenyewe kutoka chini. Mji huu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2000, kwa hiyo hata namna ya kulifunga jukwaa kwenye ukuta si jambo la kujiamulia; ziko taratibu za mamlaka ya hifadhi.

Desemba 25, 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la 1883, iliporomoka likiwa kwenye ukarabati, na watu wawili wakafariki. Pale hapakuwa na suala la mkanda. Jengo lilikwenda na kila kilichokuwa juu yake. Kila anayefundisha kazi za juu kwenye majengo ya zamani aanze na jumba hilo.

Majukwaa ya miti ya mivinje bado yanaruhusiwa?

Mti wenyewe hauna kosa. Miti imebeba mafundi hapa kabla ya mabomba ya chuma. Kosa huwa kwenye mafundo na kwenye mbao. Mti uliopasuka kwa urefu, uliooza kisigino au unaotumika kwa jengo la nne mfululizo, utoe. Visigino vikae juu ya ubao mgumu, visididimie kwenye mchanga uliolainika kwa mvua. Mkingamo uwekwe pande zote, maana bila hiyo miti inalala kama mlango. Jukwaa lishikamane na jengo kwa vifungo vya uhakika, si kwa kamba iliyopitishwa dirishani.

Mbao za kukanyagia ndizo zinazoangusha. Ubao wa milimita 38 usiachwe hewani zaidi ya mita 1.5 bila mhimili. Ncha iliyopita mhimili kwa mbali ni mtego: ukiikanyaga, upande wa pili unanyanyuka. Funga ncha zote. Ubao wenye fundo kubwa katikati urudi kwenye kuni.

Jukwaa likaguliwe na mtu anayejua kabla ya kutumika mara ya kwanza, kila baada ya siku 7, na baada ya mvua kubwa au upepo. Aandike. Lile la fremu za chuma lenye magurudumu lisisukumwe na mtu juu yake. Marekani, kimo chake kikizidi mara 4 ya upana wa kitako lazima lifungwe; hapa kwenye upepo wa pwani mimi nalifunga likifika mara 3.

Na ngazi?

Kwa kila mita 4 za kwenda juu, kisigino kitoke mita 1 kutoka ukutani. Kichwa cha ngazi kipite mita 1 juu ya unaposhukia, na kifungwe. Mikono miwili na mguu, au miguu miwili na mkono, viwe vimeshika wakati wote. Kandambili hazipandi ngazi. Ngazi iliyotengenezwa kwa papi na misumari palepale kwenye jengo iwe ya kupandia tu. Usisimame juu yake kupiga plasta.

Tunaezeka makuti kwenye hoteli. Mikanda inatuzuia kufanya kazi.

Inawazuia kwa sababu imefungwa vibaya. Paa la makuti ni la mteremko mkali, na mwezekaji anasogea pembeni kila dakika chache. Ukimfunga pahala pamoja anachoka, anafungua. Kinachofaa ni kamba kuu inayolazwa juu ya mgongo wa paa na kufungwa kwenye nguzo za chini upande wa pili, na kifaa kinachoteleza juu yake na kukamata mtu anapoanguka; kamba kuu mbili tatu zikiwa sambamba, anahama kutoka moja kwenda nyingine. Ana ndoano mbili, moja haifunguliwi kabla ya nyingine kushika. Wekeni na jukwaa la kudaka kwenye ukingo wa chini wa paa. Wazee wa kazi hii wanapanda kwenye papi kama wanatembea barazani, na si rahisi kuwaambia. Waambieni vijana wao.

Mapaa ya bati yana hatari nyingine: kupita katikati yake. Bati lililoliwa na chumvi, shiti la plastiki la kuingizia mwanga lililopakwa vumbi mpaka likafanana na bati, na mashiti ya zamani ya asbesto kwenye majengo ya umri mkubwa. Usikanyage kokote kabla hujajua chini pana nini. Weka mbao ndefu zinazokaa juu ya kenchi. Asbesto isikatwe wala kuvunjwa na mtu asiyefundishwa kazi hiyo.

Mimi ni mtu wa Pemba, nimepanda mikarafuu na minazi tangu mdogo. Sina woga wa juu.

Naamini. Lakini kwenye mkarafuu unashika tawi ulilolipima mwenyewe, na mikono yako ni yako. Kwenye jengo unakanyaga ubao alioutega mtu mwingine, una ndoo mkononi, na mwenzako nyuma yako anageuka na nondo ya mita 6. Na Pemba pia kila msimu wa karafuu kuna waliovunjika, hilo hulijui wewe? Woga kidogo si aibu kwenye kazi hii. Ninayemwogopa ni asiyekuwa nao kabisa.

Upepo na mvua: lini tushuke?

Mvua ikianza kulowesha mbao, kazi ya ukingoni isimame. Kwa majukwaa ya magurudumu, kikomo cha kawaida ni upepo wa kilomita 27 kwa saa hivi, ule unaorusha vumbi na karatasi na kutikisa matawi madogo. Wakati wa kusi, pwani ya mashariki inaweza kufika hapo kabla ya saa nne asubuhi, hasa ukiwa umebeba bati, maana bati linakuwa tanga. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kila asubuhi. (Hali ya hewa ni jambo la Muungano, usalama kazini si la Muungano, ukianguka kwa upepo umeshughulikiwa na serikali zote mbili.)

Mwezi wa Ramadhani je?

Kazi za juu zianze alfajiri na ziishe kabla jua halijakaza. Aliyefunga hawezi kunywa maji saa nane mchana, na kizunguzungu hakikupi taarifa. Mchana pangeni kazi za chini na za kivulini. Msimamizi amuulize kila mtu asubuhi kama amekula daku na amelala, bila kumfedhehesha. Anayetumia dawa za sukari au presha asipangiwe juu mwezi huo.

Mtu akianguka na mkanda ukamdaka, tufanye nini?

Mumteremshe kwa dakika, msisubiri gari. Aliyening'inia bila kutikisika damu inamtuama miguuni. Anaweza kuzimia upesi na kufa huku mkanda ukiwa umefanya kazi yake. Akiwa na fahamu apige miguu, au akanyage kitanzi cha kamba kujipunguzia uzito. Ngazi, jukwaa la karibu au vifaa vya kuokolea viwe vimeandaliwa kabla, na watu wawe wamelijaribu zoezi hilo wakiwa na begi la mchanga. Zimamoto ni wa kuwaita, lakini wao si mpango wenu. Akishafika chini, mlazeni na mfuate huduma ya kwanza ya kawaida. Ushauri wa zamani wa kumkalisha kitako umeshaachwa.

Akiwa ameanguka mpaka chini, msimkunje. Tunapenda kusaidia, na msaada wetu wa kwanza ni kumnyanyua kwapa na kumweka katikati ya wawili kwenye bodaboda. Uti wa mgongo uliokuwa umepasuka tu unakatika hapo. Kichwa, shingo na kiwiliwili vibaki mstari mmoja. Alazwe kwenye ubao mpana au mlango, watu wanne wanyanyue kwa sauti moja. Unguja, Mnazi Mmoja kuna kitengo cha upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu. Pemba, Abdalla Mzee iko Mkoani, na ukiwa Micheweni safari ni ndefu, kwa hiyo nambari ya gari la kubebea wagonjwa na ya dereva wa akiba ziandikwe ubaoni kabla ya kazi kuanza.

Nikiumia, nalipwa na nani?

Fidia ya ajali ya kazini inatoka kwa mwajiri, kwa sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya Zanzibar. Mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, ni wa Bara, hauhusu ajira za huku. ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, ina mafao yake kwa mwanachama aliyepata ulemavu, lakini hayo ni kwa aliyekuwa anachangiwa. Kibarua asiyeandikwa popote ndiye anayeteseka. Kabla ya yote, ajali iandikwe siku hiyo hiyo, na mashahidi, na picha ya pahala palivyokuwa kabla hapajasafishwa.

Mimi ni mwenye nyumba tu, nimempa fundi kazi. Hayanihusu?

Yanakuhusu. Wewe ndiye uliyebana bei mpaka fundi akaondoa jukwaa kwenye hesabu yake. Unapoomba makadirio, jukwaa na vizuizi viwe mstari wao, na usivikate.

Kijana wa miaka 16 anaweza kumsaidia baba yake juu?

Hapana. Kwa Sheria ya Watoto Namba 6 ya 2011, chini ya miaka 18 ni mtoto, na kazi ya hatari si yake. Achanganye mchanga chini baada ya skuli.

Naweza kukataa kupanda?

Ukiona hatari ya wazi, ndiyo. Ibara ya 12 ya ule Mkataba 167 inasema mfanyakazi ana haki ya kujiondoa anapoona kwa sababu ya msingi kuwa hatari iko karibu na ni kubwa, na awajibike kumwarifu msimamizi mara moja. Sema kwa adabu na kwa kutaja kitu: "Fundi mkuu, ubao wa tatu haujafungwa, nikiufunga nitapanda." Neno la jumla kama "hapa si salama" linajibiwa kwa kufukuzwa, ubao wa tatu hauna jibu. Ukipuuzwa, nenda Idara.

Mafunzo yanarudiwa lini?

Kila miaka 2 au 3 ni desturi nzuri. Na mapema zaidi kifaa kikibadilika, ukihamia kazi ya aina nyingine, baada ya ajali au ajali iliyokoswakoswa, na kwa anayerudi baada ya kukaa nyumbani muda mrefu. Mazungumzo ya dakika 10 kabla ya kazi ni kila siku, kwenye jukwaa lenyewe.

Wapi pa kujifunzia?

Ulizieni Idara ni nani wanaotambuliwa kwa sasa. Msingi wa fani unapatikana kwenye vituo vya mafunzo ya amali, Mwanakwerekwe, Mkokotoni, na Vitongoji kwa Pemba. Mkandarasi mwenye watu 15 anaweza kumleta mkufunzi kwenye jengo lake, na mimi naona hivyo ni bora zaidi, kwa sababu watu wanajifunza kwenye kingo zile zile watakazosimama. Kabla ya kumlipa muulizeni ameleta kamba ya kuokolea au hakuleta. Kumbukumbu ziwekwe: jina kamili, tarehe, kilichofundishwa, aliyefundisha, na saini au dole gumba. Nakala moja iwe mkononi mwa fundi, kwa sababu kesho yuko kwenye jengo la mtu mwingine.